Hevy Alikufa, Mbona Yuko Hai? Kuifumbua Katuni ya The Clone Wars

“Mjomba, huyu si alikufa?”

Mpwa wangu ana miaka 10, na aliuliza akiwa ameshasimamisha picha, kidole kimegusa kioo cha televisheni ambacho mama yake amekataza kisiguswe. Aliyekuwa anaonyeshwa ni askari aitwaye Hevy. Wiki moja kabla, katika msimu wa 1, tulimwona Hevy akibaki peke yake ndani ya kituo kilichojaa maroboti ya adui. Rimoti ya kulipulia ilikuwa imegoma, akaamua kulipua mwenyewe kwa mkono, kituo kikaruka naye. Sasa tumefika msimu wa 3, na Hevy yuleyule ni kuruta chuoni, anagombana na wenzake mazoezini.

Nilimjibu kwamba hajafufuka, ni sisi tuliorudi nyuma. Hakuridhika, na simlaumu. The Clone Wars, katuni iliyozaliwa na filamu za Star Wars, imewachanganya watu wazima sembuse mtoto. Namba za sehemu hazifuati mtiririko wa matukio. Kuna katuni nyingine yenye jina karibu lilelile. Kuna filamu ya sinema iliyochomekwa katikati. Msimu mmoja ulirushwa mahali pengine kabisa, na wa mwisho ulikuja miaka sita baadaye. Vurugu zote hizi zina chanzo kimoja, nacho kinaanzia kwenye kauli iliyosemwa na mzee mmoja mwaka 1977.

Katika filamu ya kwanza kabisa ya Star Wars, mzee Obi-Wan Kenobi anamwambia kijana Luke kwamba yeye na baba yake Luke walipigana katika Vita vya Kloni. Basi. Vita gani, kati ya nani na nani, filamu haisemi. George Lucas, aliyeitunga hadithi hii, aliiacha kauli hiyo ining’inie kwa miaka 25. Mwaka 2002 ndipo ilipotoka Attack of the Clones, na tukajua: jeshi zima lilitengenezwa maabara katika sayari ya Kamino, mamilioni ya makloni, yaani askari walionakiliwa kutoka kwa mtu mmoja, mwindaji wa kukodiwa Jango Fett. Vita vinaanza mwishoni mwa filamu hiyo. Ikaja Revenge of the Sith mwaka 2005, na inapofunguka tu, vita viko ukingoni kwisha.

Kwa hiyo miaka mitatu ya vita, ndiyo iliyobeba jina la enzi nzima, kwenye sinema haipo. Ni kama mtu akusimulie ndoa kwa kukueleza posa na talaka.

Pengo hilo ndilo shamba la katuni hii. Ni shamba lenye uzio pande zote mbili: mwanzo umeshaonyeshwa, mwisho umeshaonyeshwa, na hakuna anayeruhusiwa kuugusa wowote. Ukilikumbuka hili, mengine yote yanaanza kueleweka.

Tuondoe kwanza utata wa majina. Zipo katuni mbili za vita hivi. Ya kwanza inaitwa Clone Wars, ya pili The Clone Wars; zimetenganishwa na kijineno cha herufi tatu. Ile ya kwanza iliongozwa na Genndy Tartakovsky, ikarushwa na Cartoon Network kuanzia Novemba 2003 hadi 2005. Imechorwa kwa mistari mikali, watu wake hawasemi sana, na vipande vyake 20 vya mwanzo vina kama dakika tatu tatu tu. Vitano vya mwisho vilirefushwa. Ilishinda tuzo ya Emmy miaka miwili mfululizo, na ndiyo iliyomtambulisha Jenerali Grievous, yule jemadari wa chuma anayekohoa, kabla hajaonekana kwenye sinema. Kwa jicho langu ni nzuri kuliko nusu ya filamu zenyewe. Lakini mpwa wangu hakuwa anaangalia hiyo.

Anayoangalia ni ya pili, ya picha za kompyuta, iliyoanza Oktoba 2008 chini ya usimamizi wa Dave Filoni, kijana aliyetoka kwenye katuni ya Avatar: The Last Airbender. Hii ndiyo yenye Ahsoka Tano na Kapteni Rex. Ina sehemu 133 katika misimu saba. Nyuso za watu wake zinaonekana kama zimechongwa kwa panga kutoka kwenye gogo, na si bahati mbaya: walitaka zifanane na vikaragosi vya Thunderbirds, kipindi cha Uingereza cha miaka ya 1960. Wengi wanaikimbia kwa sababu ya sura hizo kabla hawajafika mbali. Ni hasara yao, ingawa msimu wa 1 wenyewe haumsaidii mtu kuvumilia.

Na ile filamu? Agosti 2008, wiki chache kabla ya mfululizo kuanza, kulitoka sinema yenye jina lilelile, The Clone Wars. Haikupangwa kuwa sinema. Ni sehemu za televisheni zilizokuwa zimeshatengenezwa. Lucas alipoziona kwenye kioo kikubwa akaamua ziunganishwe na kupelekwa kwenye majumba ya sinema. Wahakiki waliichana vibaya. Kisa chenyewe kinahusu kumwokoa mtoto mchanga wa jambazi Jabba, na ukiitazama utasikia mishono kila inapokatika. Isingekuwa jambo moja ningesema iruke: humo ndimo Anakin Skywalker, baba yake Luke, anapopewa mwanafunzi asiyemtaka, binti wa miaka 14 mwenye mdomo mrefu, Ahsoka.

Sasa turudi kwa Hevy.

Watunzi hawakuipanga The Clone Wars kama tamthilia inayokwenda mbele siku hadi siku. Waliipanga kama masimulizi ya vita, vile wazee walioshiriki wanavyosimulia: leo unasikia habari za kambi ile, kesho za jenerali yule, na katikati mtu anakatiza, “ngoja, lakini yule kabla hajafa kulikuwa na kisa.” Kila juma lilikuwa na mahali pake na watu wake. Wakimwona askari fulani amependwa, wanamrudia. Na kama ameshakufa, wanamrudia nyuma.

Hevy alikufa katika sehemu iitwayo Rookies, msimu wa 1, sehemu ya 5, iliyorushwa Oktoba 2008. Hapo ni makuruta wachache waliopangiwa kulinda kituo cha mbali, kwenye mwezi wa angani uitwao Rishi, ambako hakuna kinachotokea. Kazi yao ni kuhakikisha ishara ya “kila kitu salama” inaendelea kwenda. Adui anauteka mwezi kimyakimya, na ishara inaendelea kwenda. Wanaelewa kwamba njia pekee ya kuwaonya wenzao ni kuikata, yaani kukilipua kituo chao wenyewe. Hevy anabaki. Wawili wanatoka hai: Echo na Fives.

Karibu miaka miwili baadaye, Septemba 2010, msimu wa 3 ukafunguliwa na Clone Cadets. Ni kikosi kilekile kikiwa bado chuoni Kamino, kinafeli majaribio, kinatukanana. Pale chuoni yupo kloni mmoja aliyeharibika wakati wa kutengenezwa, mgongo umepinda, amezeeka kabla ya wakati. Hana jina, ana namba: 99. Kazi yake ni kufagia. Hevy anapohitimu anapewa nishani, na kabla ya kupanda chombo anaiweka mkononi mwa 99. Anamwambia wao ni ndugu. Mtazamaji wa 2010 alijua, Hevy hajui, kwamba chombo kile kinampeleka Rishi.

Kisha sehemu inayofuata, msimu wa 3, sehemu ya 2, inaruka hadi baada ya Rishi: Kamino inashambuliwa, Echo na Fives wamerudi kuitetea, na mzee 99 anakufa akiwakimbilia mabomu ya mkono. Kwa hiyo kisa kimoja cha watu walewale kinakwenda hivi kwa namba: 3-1, halafu 1-5, halafu 3-2. Ukitazama kwa mpangilio wa matukio, kifo cha Hevy ni mwisho wa safari. Ukitazama kwa mpangilio wa kurushwa, ile nishani ndiyo inayokuvunja. Nimejaribu yote mawili, na bado napenda ule uliorushwa. Ila siwezi kubishana na mtoto wa miaka 10 anayetaka kujua nani yuko hai.

Hevy si peke yake. Operesheni ya kuikomboa sayari ya Ryloth iko mwishoni mwa msimu wa 1, lakini jinsi Ryloth ilivyozingirwa na kukatiwa chakula iko msimu wa 3, sehemu ya 3. Baadaye wenye hadithi wenyewe walitoa orodha ya mpangilio wa matukio, na mwanzo wake unachekesha: anza na msimu wa 2 sehemu ya 16, rudi msimu wa 1 sehemu ya 16, tazama filamu, nenda msimu wa 3 sehemu ya 1, kisha ya 3, ndipo sasa ufungue msimu wa 1 sehemu ya 1. Mtu akikupa maelekezo ya namna hiyo ya kufika nyumbani kwake utarudi stendi. Habari njema ni kwamba fujo hii iko zaidi katika misimu mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo simulizi inanyooka.

Ilinyooka kwa sababu watunzi waligundua wana kitu kizito kuliko katuni ya Ijumaa usiku. Na hapa ndipo wazazi huniuliza: hii ni ya watoto kweli?

Ilianza kuwa ya watoto. Karibu kila sehemu inafunguliwa na methali, kwa maandishi, mahali pa yale maelezo marefu yanayopanda kioo kwenye filamu. Ya kwanza kabisa ilihusu viongozi wakuu kuamsha ukuu ndani ya wengine. Baada ya methali inakuja sauti ya Tom Kane, yenye mbwembwe za mtangazaji wa habari za vita wa zamani, ikikupasha yaliyojiri. Maroboti ya adui ni mapumbavu na yanachekesha. Lakini vita ni vita, na makloni ni watu. Wanakufa kila wiki.

Muujiza wake mkubwa, nasema muujiza bila aibu, ni sauti. Makloni wote wana sura moja, na wote wanasemwa na mwigizaji mmoja, Dee Bradley Baker. Rex ni yeye, Cody ni yeye, Fives, Echo, Hevy, 99, wote. Kuna mazungumzo ya watu sita ambayo ni ya mtu mmoja, na hupotei hata mara moja nani anasema. Mmoja anakaza taya, mwingine anaharakisha, mwingine ana uchovu kwenye koo. Wanajitofautisha pia kwa nywele, michoro ya ngozini, rangi za mavazi ya vita. Mtu aliyetengenezwa afanane na wengine wote anatafuta cha kwake: ndiyo mada ya katuni nzima, na hakuna anayeihubiri.

Tazama kisa cha sayari ya Umbara, sehemu nne za msimu wa 4. Kikosi cha Rex kimepewa jenerali mpya, Jedi (mmoja wa wapiganaji watawa wa upanga wa mwanga) aitwaye Pong Krell, mwenye mikono minne na asiyewaita askari kwa majina. Gizani msituni anawaambia kwamba adui ameiba mavazi ya makloni na anakuja amevaa kama wao. Wanafyatua. Wale nao wanajibu. Rex anakagua maiti, anaivua kofia ya chuma, na chini yake ni sura yake mwenyewe. Anakimbia katikati ya risasi za mwanga akipiga kelele wavue kofia, wavue kofia. Wanavua, na pande zote mbili ni uso mmoja. Waxer, askari ambaye msimu wa 1 alimlinda mtoto yatima kule Ryloth, anakata roho akiwa na chozi moja shavuni. Sehemu hii mpwa wangu nilimwambia asubiri mwaka mmoja au miwili. Anakasirika, lakini anasubiri.

Uzio nilioutaja mwanzoni unaonekana vizuri zaidi kwenye fumbo la Amri ya 66. Katika filamu ya 2005, Chansela Palpatine, kiongozi wa upande wa makloni, anatoa amri moja, na makloni kote angani wanawageukia Jedi waliokuwa makamanda wao na kuwaua. Kamanda Cody anamrudishia Obi-Wan upanga wake kwa utani wa marafiki, na dakika chache baadaye anaagiza apigwe mzinga. Kwenye filamu hilo lilipita kwa sababu hatukuwajua makloni. Lakini baada ya katuni kutupa misimu mitano ya Rex na Fives na nishani ya Hevy, mtazamaji hawezi tena kukubali. Ndugu hawa wangefanyaje vile?

Katuni haikuwa na ruhusa ya kubadilisha tukio, kwa hiyo ikabadilisha sababu. Msimu wa 6 unaanza na kloni Tup kumpiga risasi Jedi katikati ya mapigano, halafu asikumbuke. Fives, aliyenusurika Rishi, anachimba hadi anakuta kwamba kila kloni amepandikizwa kichipu kichwani tangu Kamino. Anajaribu kusema. Anaonekana kichaa, anasingiziwa kutaka kumuua Chansela, anauawa na kloni mwenzake huku akijitahidi kumweleza Rex na Anakin. Ukiirudia filamu baada ya hapo, macho ya Cody hayasomeki tena kama zamani. Sijui mfano mwingine wa katuni ya watoto iliyoikarabati filamu ya mzazi wake kwa ufundi wa namna hii.

Lakini msimu huo wa 6 watoto wa Marekani hawakuuona Cartoon Network, na sababu ni biashara. Oktoba 2012 Disney ilitangaza kuinunua Lucasfilm kwa takriban dola bilioni 4.05. Cartoon Network ilikuwa mali ya Time Warner, mshindani, na Disney ilikuwa na chaneli zake. Machi 2013 msimu wa 5 ukaisha kwa Ahsoka kusingiziwa uhalifu, kusafishwa, kisha kuukataa mkono aliopewa na kuondoka kwenye utawa wa Jedi. Mwezi huohuo ikatangazwa kwamba mfululizo unafungwa. Sehemu 13 zilizokwisha kutengenezwa zilipelekwa Netflix mwaka 2014, ndizo msimu wa 6. Nyingine zilibaki nusu: michoro ya awali, sauti zimerekodiwa, picha bado. Moja ya visa ikaishia kuwa riwaya, kingine kitabu cha vibonzo.

Aprili 2014 Lucasfilm ikapanga upya nini ni historia rasmi ya Star Wars. Riwaya na vibonzo vya miongo kadhaa, pamoja na ile katuni ya Tartakovsky, viliondolewa na kubandikwa jina Legends: hadithi nzuri, ila hazihesabiki. Zilibaki filamu sita na The Clone Wars. Ndiyo maana katuni ya 2003 na hii ya 2008 zinapogongana, hii inashinda. Si kwa sababu ni bora.

Kilichobaki wazi kilikuwa Ahsoka. Filamu ya 2005 haimtaji, maana mwaka ule hakuwepo hata kwenye karatasi. Wengi tuliamini lazima afe, kwani angekuwaje hai, mwanafunzi wa Anakin, asitajwe? Julai 2018 ikatangazwa kwamba katuni inarudi, na mwaka 2020 msimu wa 7 ukatoka Disney+, ukaisha tarehe 4 Mei. Sehemu zake nne za mwisho hazina methali. Zinakwenda sambamba na filamu, saa kwa saa: wakati Anakin anageukia uovu huku, Ahsoka yuko sayari ya Mandalore kule, na askari wa Rex wamepaka kofia zao rangi ya machungwa kwa michoro ya uso wake ili kumheshimu. Amri inapofika, ni haohao wenye uso wake vichwani wanaomwelekezea bunduki.

Kwa anayetaka kuanza na mtoto, hivi ndivyo ninavyoshauri. Filamu mbili, ya 2002 na ya 2005, ziwe zimeshatazamwa, maana katuni inadhani unajua. Kisha ile ya 2008, kwa uvumilivu. Halafu msimu wa 3 sehemu ya 1 na ya 3, ndipo msimu wa 1 tangu mwanzo, na kuendelea. Zile mbili za namba 16 zikusanye njiani, hazitakimbia.

Tulimaliza Jumapili iliyopita, Umbara tukiwa tumeiruka. Picha ya mwisho ni theluji. Chombo kilichoanguka kimefukiwa, kofia za askari zimepangwa juu ya makaburi yao. Darth Vader, yaani Anakin baada ya kugeuka, anakuja, anaokota upanga wa mwanga aliowahi kumpa mwanafunzi wake, anaondoka bila neno, na umbo lake linaonekana likipungua ndani ya kioo cha kofia iliyochorwa sura ya Ahsoka. Mpwa wangu alinyamaza hadi majina yakaanza kupita. Kisha akauliza kama Rex yuko hai. Nikamwambia yuko hai, amezeeka, ana ndevu, ila hilo liko kwenye katuni nyingine, Rebels, na kwamba safari hii namba zimekaa sawasawa.